Chandarua ni cha mtoto, si cha sungura

Kila jioni, katika vijiji vingi vya Kivu ambako familia zilizokimbia vita zimepokelewa na wenyeji, mambo ni yale yale. Muskitere inatandazwa kando ya ua wa miyenzi, inafungwa kwenye vijiti viwili. Watoto wanapiga kelele upande wa pili wa shamba, wanachapa ua kwa fimbo. Sungura akitoka mbio, anaingia ndani ya chandarua na kupigwa. Siku hiyo sufuria inanukia.

Wengine wanasema: waacheni, wana njaa. Ni kweli, wana njaa, na mwenye njaa hana miiko. Hakuna haki ya kumcheka baba aliyeacha mashamba yake Masisi au Rutshuru na sasa anakula sombe bila chumvi. Lakini hesabu ni hesabu. Sungura mmoja ni mboga ya usiku mmoja. Chandarua kizima kinaweza kulinda watoto karibu miaka 3. Sungura akikipiga mateke mara moja, tayari kina tundu, na mbu hahitaji mlango mkubwa.

Kongo ni nchi ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nijeria. Wanaokufa zaidi ni watoto wasiofikisha miaka 5. Mbu wa malaria huuma usiku, saa ambazo mama amechoka na mtoto amelala chini ya hema. Basi familia inayokula sungura leo, kesho inauza mbuzi, au inakopa, ili kulipa kituo cha afya. Faida iko wapi?

Kuna pia dawa. Chandarua hicho kimetiwa sumu ya kuua mbu. Hakikutengenezwa kwa kufungia nyama. Wavuvi wa ziwa Tanganyika wanajua habari hii: matundu ni madogo mno, yanakusanya hata samaki wachanga, na kesho ziwa halina kitu. Kwenye ua ni vile vile: watoto wa sungura, ndege, hata kuku wa jirani.

Na ule ua ni wa mtu. Miyenzi ikichapwa inavunjika, mbuzi wanaingia katika maharagwe, mwenyeji anakasirika na wageni. Maziwa yake meupe yakimwingia mtoto machoni, yanaunguza na yanaweza kumpofusha. Nani atalipa jicho?

Hata hivyo, lawama yote isiwekwe juu ya aliyekimbia. Wako wanaofika na gari, wanagawa muskitere, wanapiga picha, wanarudi mjini. Chakula hakuna, kitanda hakuna, hata kamba ya kutundikia hakuna. Ukimpa mtu mwenye njaa wavu, usishangae akiwinda. Wako pia wanaochukua vyandarua vya msaada na kuviuza sokoni, na viongozi wanaowaona na kunyamaza. Hao ndio wanaostahili kuitwa mbele ya watu kwanza.

Dawa ya jambo hili haiko mbali. Anayetaka kuwinda asuke wavu wa kamba za katani, kama wazee walivyofanya, na aombe ruhusa kwa mwenye shamba. Anayepata sungura wa kufugwa, dume na jike, ajenge kibanda cha miti na kuwafuga. Simbilisi nao wanakula majani tu na wanazaa haraka. Chandarua kilichochakaa kabisa kizibe dirisha. Kamati za wahamiaji na chefu wa kijiji wapite nyumba kwa nyumba, si kwa kutoza faini, bali kuangalia kama muskitere imetundikwa. Na mashirika yanayogawa vyandarua yalete pia unga.

Sungura akiponyoka leo, kesho atarudi kwenye ua. Mtoto aliyechukuliwa na malaria harudi.