Kujinyima Chakula si Kufunga

Yako maradhi ambayo humtia kijana, na khasa msichana, khofu ya unene, hata akajinyima chakula mpaka mwili ukadhoofu. Au akala kupita kiasi kisha akajitapisha. Maradhi haya huweza kuua. Ili kuyatambua, Christopher Fairburn na Sarah Beglin wa Oxford, Uingereza, walitoa mwaka 1994 orodha ya maswali ambayo mtu huyajibu mwenyewe kwa kukumbuka siku 28 zilizopita. Orodha hiyo imekwisha fasiriwa kwa lugha nyingi.

Lakini kufasiri maneno ni jambo moja, na kufikisha maana ni jambo jingine. Swali moja lauliza ni siku ngapi mtu amekaa saa 8 au zaidi, akiwa macho, bila ya kula kitu, kwa ajili ya umbo au uzito wake. Mfasiri akiyaacha maneno hayo ya mwisho, mwezi wa Ramadhani mji mzima utahesabiwa kuwa ni wagonjwa. Swali jingine lauliza juu ya kula kwa kujificha. Nani asiyejua kuwa mwanamke aliye katika hedhi mwezi huo hula faraghani kwa kuona haya? Huyo hana ugonjwa, ana adabu.

Ndiyo maana wajuzi humpa mtu mmoja kufasiri, na wa pili kuyarudisha maneno katika lugha ya kwanza pasipo kuona asili yake, kisha wakalinganisha. Halafu huwauliza wenyeji wameyafahamu vipi maswali. Yote haya ni kuitafuta nia, maana nia ndiyo inayopambanua.

Na hapa wazazi yatupasa tuzindukane. Nia ile ile imwondoleayo tuhuma mwenye kufunga, ndiyo imfichuayo mgonjwa. Binti afungaye sunna mfululizo, akakwepa futari, akajipima uzito kila mara na kujiona mnene na hali mifupa imemtoka, tusiharakie kumsifu uchaji. Tumwulize kwa upole: "Mwanangu, wafunga kwa ajili ya nani?" Akiwa mgonjwa, sheria imempa ruhusa ya kula; na kumpeleka kwa daktari ni wajibu wetu, wala si aibu yetu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu. Amin.