Mnang'oa Magugu Huku Mnayalisha

Acha niseme ukweli, hata kama sitaalikwa tena.

Jumamosi nilienda kusafisha ufuo mmoja wa Ziwa Victoria. Tulipewa tishati, glavu na soda. Tukaokota vifuniko vya chupa mpaka gunia likajaa. Tukang'oa magugu maji, tukapigwa picha, kila msee akaenda kwao. Hatua chache nyuma yetu kulikuwa na mtaro unamwaga maji taka ziwani, yananuka choo kabisa. Hakuna aliyegeuza kamera huko.

Wasee, haya magugu tunayoyatukana kila mwaka yanakula nini? Yanakula ya kwetu. Mkojo una nitrojeni kibao, na kwa mmea hiyo ni mbolea. Ongeza fosforasi ya kinyesi na ile mbolea inayosombwa kutoka mashambani, karamu iko tayari. Halafu mvuvi akikwama na mashua katikati ya magugu, tunashangaa. Huko ni kupiga deki huku mfereji uko wazi.

Na kinachouma zaidi, sehemu ya dawa ilikuwa ndani ya lile gunia.

Bakteria wanaosafisha maji taka wanataka mahali pa kujishikilia. Jaza tangi vifuniko vya plastiki, maji yatiririke juu yake hewa ikipita. Bakteria watageuza amonia kuwa nitrati. Kisha maji yaingie tangi la pili, limejaa vipande vya mbao vilivyotupwa na seremala, vimezama kabisa bila hewa. Humo bakteria wengine wanakula kaboni ya mbao na kutumia oksijeni iliyo ndani ya nitrati. Nitrojeni inatoka ikiwa gesi, ile ile ambayo ni asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi.

Si ndoto. Norway walibuni mbinu ya kusafisha maji taka kwa vipande vya plastiki vya kubeba bakteria miaka ya 1980. Kwenye mashamba ya Marekani na New Zealand, mashimo yaliyojaa vipande vya mbao huondoa nitrati.

Najua mtanijia. "Kwani maji hayo yatanyweka?" Zii. Uchafu mzito lazima utolewe kwanza, na chujio hili pekee halimalizi vijidudu wala fosforasi. "Plastiki si itasagika iingie ziwani?" Swali poa. Weka wavu, kagua, badilisha vikichakaa. Na kampuni za soda zisijifiche hapo: kifuniko kikisaidia kuchuja, hiyo si ruhusa ya kumwaga vingine milioni.

"Lakini hiyo ni kazi ya serikali." Eeh, ndiyo! Sasa mbona tunaifanyia kwa soda moja? Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila hata kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Tuanze na mtaro mmoja. Chujio moja. Maji yapimwe kabla na baada, na matokeo yabandikwe mahali kila mtu atayaona.

Mkinialika tena, nitakuja. Ila lile gunia haliendi jalalani. Nitalibeba mpaka kwenye mtaro, na mwenye mtaro anikute hapo na tangi.