Bingwa akiwa kocha, nani aamue mtoto aliyeumia arudi uwanjani?

Mwaka 2009 mjini Shanghai, Carmelita Jeter wa Marekani alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.64. Wakati huo ni mwanamke mmoja tu, Florence Griffith-Joyner, aliyekuwa amewahi kukimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 2011 Jeter akawa bingwa wa dunia huko Daegu, Korea Kusini. Mwaka 2012, katika Olimpiki ya London, ndiye aliyemalizia kijiti cha mwisho Marekani ilipovunja rekodi ya dunia kwa sekunde 40.82. Baadaye akawa kocha mkuu wa riadha katika Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas.

Mzazi mwenye binti chini ya kocha wa aina hiyo hutulia moyo. Kocha akisema mtoto yuko sawa na atakimbia Jumamosi, nani atambishia?

Hapo ndipo penye jambo la kujifunza. Taratibu za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinataka uamuzi wa kitabibu kuhusu mwanariadha ubaki mikononi mwa wahudumu wa afya, si kwa kocha. Medali za kocha hazibadilishi hilo. Mtaalamu wa afya akisema bado, ni bado.

Kwenye shule zetu nyingi mwalimu wa michezo ndiye kocha, ndiye mtoa huduma ya kwanza na ndiye mwamuzi. Simlaumu, kwani amebebeshwa kazi za watu watatu. Ila mashindano ya UMISSETA yakikaribia na mkimbiaji wake bora anachechemea, haki haitendeki akiachiwa aamue peke yake. Naamini mzazi anapaswa kuwa sauti ya pili, na sauti hiyo iwe na uwezo wa kusema hapana.

Jeraha linalowasumbua zaidi wakimbiaji wa mbio fupi ni la misuli ya nyuma ya paja. Huchanika mara nyingi mkimbiaji akiwa kwenye kasi kubwa, mguu unapojiandaa kukanyaga chini. Anahisi kama amechomwa au kupigwa nyuma ya paja, na hulazimika kusimama. Mchaniko mdogo huweza kupona kwa wiki moja hadi tatu. Mkubwa huchukua miezi. Na aliyewahi kuumia hapo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuumia tena, hasa akirudi mapema.

Siku za kwanza mtoto apumzike. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15, rudia mara kadhaa kwa siku, na umfunge bandeji isiyobana sana. Usimkande kwa maji ya moto na usimchue katika siku mbili tatu za mwanzo. Najua ndivyo wengi tulivyolelewa, lakini joto na kuchua huweza kuongeza damu kuvuja ndani ya msuli.

Kijana anayekua ana jambo la ziada. Msuli huo umeshikana na mfupa wa kukalia, na sehemu hiyo ya mfupa huchelewa kukomaa. Badala ya msuli kuchanika, unaweza kung'oa kipande cha mfupa. Mtoto akisikia kitu kimekatika karibu na kalio, akashindwa kutembea au kukaa vizuri, mpeleke hospitali apigwe picha ya eksirei. Usisubiri wiki ipite.

Kuna tabia nyingine ambayo naipinga bila kumung'unya maneno: kumpa mtoto vidonge au sindano ya kutuliza maumivu ili aweze kukimbia. Dawa hiyo haiungi msuli. Inazima kengele tu, na mtoto anaendelea kuchana kile ambacho mwili ulikuwa unajaribu kuponya.

Kwa wasichana, angalieni pia hedhi. Binti anayefanya mazoezi makali huku anakula kidogo anaweza kukosa hedhi miezi kadhaa. Wengine huona ni nafuu. Kwa daktari ni dalili kwamba mwili hauna nishati ya kutosha, na mifupa yake inaweza kudhoofika hadi kupata nyufa. Ikipita miezi mitatu bila hedhi, aonwe na mtaalamu, hata kama anashinda kila mbio.

Atarudi lini basi? Si tarehe ya mashindano inayojibu. Atembee, aruke na akimbie taratibu bila maumivu. Mguu ulioumia uwe na nguvu sawa na mwenzake. Kisha aongeze kasi hatua kwa hatua, hadi akimbie kwa kasi yake yote mazoezini mara kadhaa bila shida. Akishindwa hatua moja, arudi nyuma.

Wapo watakaosema nafasi haiji mara mbili. Tazameni umri wa Jeter. Miaka yake ya mwanzo ilivurugwa na majeraha ya misuli hiyo hiyo ya paja. Alipokimbia 10.64 alikuwa na miaka 29. Alipotwaa ubingwa wa dunia alikuwa na 31. Binti yako mwenye miaka 16 hajachelewa popote.

Wiki hii muulize mwalimu wa michezo wa mwanao maswali mawili: mtoto akiumia, nani anamkagua? Na nani anaruhusu arudi? Kama jibu la yote mawili ni jina moja, mwombe akupigie simu kabla ya kumrudisha uwanjani, nawe umpeleke mtoto kituo cha afya kwanza.