Tumbawe si Pambo: Taa Kwanza, Kioo Baadaye

Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili viungani mwa Timau aliniuliza swali ambalo sijaacha kulitafakari. Nilikuwa nimealikwa huko kuzungumzia upatanisho wa kisarufi, na baada ya mazungumzo tukapitishwa katika maabara kuona tangi dogo la kioo ambamo chama cha sayansi kilikuwa kikifuga samaki wawili wa maji ya chumvi pamoja na kipande kimoja cha tumbawe. Samaki walikuwa wazima. Tumbawe lilikuwa jeupe mithili ya chokaa. "Mwalimu," akaniuliza kijana huyo, "tuseme tumbawe limekufa, au tumbawe amekufa?"

Kisarufi jibu ni jepesi. Twasema tumbawe limekufa, matumbawe yamekufa, kwa sababu nomino hii imo katika ngeli ya LI-YA pamoja na jiwe, jembe na jina. Lakini swali la kijana yule lilikuwa na uzito kuliko jibu langu. Kiswahili humpatanisha kila mnyama kwa A-WA, hata yule ambaye umbo la jina lake lingemweka kwingineko: kiboko amelala, jongoo anatambaa, konokono amekufa. Tumbawe nalo ni mnyama, tena ni kaumu nzima ya wanyama wadogo wenye vinywa na minyiri, walioshikana juu ya mifupa ya chokaa waliyoijenga wenyewe. Hata hivyo, lugha yetu imelihesabu pamoja na mawe.

Sababu yaeleweka. Kwa karne nyingi watu wa pwani wamelijua tumbawe kama kifaa cha ujenzi. Magofu ya Gede, nyumba kongwe za Lamu na kuta za Fort Jesus, ngome ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1593, zote zatokana na mawe ya matumbawe, na chokaa iliyoyaunganisha ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Si ajabu basi kwamba mtu wa bara, ambaye hajapata kuliona likiwa hai, hulidhani kuwa pambo la kuwekea samaki mandhari. Hapo ndipo kosa la tangi la Timau lilipoanzia. Walionunua vifaa waliwafikiria samaki, wakakifikiria na kioo. Taa waliinunua mwisho, kwa fedha zilizobaki.

Sasa shule hiyo inakusudia kununua tangi kubwa zaidi, na katika chumba cha walimu nilisikia mjadala mkali. Wengine walitaka kioo kikubwa kadiri fedha zitakavyoruhusu. Wengine walihofu kwamba ukubwa utazidisha taabu. Nionavyo mimi, wanaotaka tangi kubwa wana haki, ila wameushika mpango kinyumenyume. Nayasema haya si kwa kuwa mimi ni mtaalamu wa bahari, bali kwa kuwa nami nimelea tangi la aina hiyo nyumbani, na nikaua tumbawe kwa kosa lilo hilo.

Tuanze na mwanga, kwa maana ndio chakula. Ndani ya tishu za matumbawe mengi yajengayo miamba mnaishi mwani mdogo mno uitwao zuzanthela. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza sukari, kama lifanyavyo jani la mhindi, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mwenyeji wake. Tumbawe lisilopata mwanga wa kutosha hushinda njaa hata kama maji yake ni safi na samaki wake wanacheza. Likidhoofika, huupoteza mwani huo na rangi huondoka nao. Kinachosalia ni ngozi angavu juu ya mifupa myeupe, na hali hiyo ikiendelea, hufa.

Kosa la pili ni kuupima mwanga kwa macho yetu. Jicho la binadamu huupokea vyema zaidi mwanga wa kijani na manjano. Mwani wa tumbawe hutegemea hasa mwanga wenye mawimbi ya urefu wa kati ya nanomita 400 na 500, yaani wa zambarau na samawati, kwa kuwa ndio upenyao mbali baharini ilhali mwekundu humezwa katika mita chache za mwanzo. Taa ya darasani yaweza kutujazia chumba mwanga na tumbawe likabaki gizani. Kipimo kifaacho ni mikromoli za mwanga kwa kila mita ya mraba kwa kila sekunde. Jua la adhuhuri la ikweta hutoa takriban 2,000. Katika tangi, matumbawe laini huridhika na 50 hadi 150, lakini yale magumu ya matawi, ya jamii ya Acropora, wafugaji wengi huyapa 250 hadi 400. Basi muuzaji akisema kwamba taa yake "inawaka sana", mwulize inatoa mikromoli ngapi, na katika kina gani.

Katika miaka ya 1990 wafugaji wa matumbawe walitegemea taa za halidi za wati 250 au 400, zilizokula umeme mwingi na kuyachemsha maji. Leo taa za LED zimechukua nafasi hiyo kwa sehemu kubwa. Hutumia umeme kidogo, na rangi na nguvu zake huweza kurekebishwa. Lakini LED hutoa mwanga kutoka nukta ndogo, hivyo taa moja katikati ya tangi refu huacha pembe zake gizani. Ni heri taa mbili za wastani zilizotenganishwa kuliko moja kali. Ziwake saa nane hadi kumi kwa siku kwa kutumia saa ya kujizima, na mwanzoni ziwashwe kwa nusu ya nguvu, kisha ziongezwe taratibu kwa muda wa mwezi mmoja. Mwanga wa ghafla huweza kulipausha tumbawe sawasawa na upungufu wake.

Yupo atakayesema kwamba jua la Timau ni la bure, na tangi liwekwe dirishani. Wakulima wa maua wa huko wangekuwa wa kwanza kumkanya, kwani wao hawaliachilii jua liingie kwenye mabanda yao bila kipimo. Jua la dirishani huingia kwa upande na kwa saa chache, ilhali tumbawe limeumbwa kupokea mwanga kutoka juu. Isitoshe, huyapasha maji joto mchana na kuotesha mwani wa kijani juu ya vioo.

Mwanga ukishaamuliwa, ndipo kioo kichaguliwe. Tangi dogo la maabara ile lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina 30, yaani lita 54. Lita moja ya maji ikipotea kwa mvuke, chumvi iliyobaki huwa nzito kwa karibu asilimia 2 kwa siku moja. Katika tangi la sentimita 120 kwa 60 kwa 45, lenye lita 324, mvuke huwa mwingi zaidi kwa kuwa uso wa maji ni mpana, lakini kila lita moja ipoteayo hubadili chumvi kwa asilimia 0.3 tu. Hali kadhalika joto na uchafu hubadilika polepole, na mlezi hupata muda wa kusahihisha kosa. Ndiyo maana husemwa kwamba tangi kubwa ni rahisi kulilea kuliko dogo.

Lakini tazama kina chake. Nimetaja sentimita 45 wala si 75, kwa sababu kila sentimita ya maji hupunguza mwanga, na tangi refu kwenda juu hudai taa ghali zaidi kwa faida ya macho ya wageni tu. Tangi pana na fupi ndilo jema. Likijazwa maji na mawe uzito wake hukaribia nusu tani, kwa hiyo lisikae juu ya meza ya mbao ya maabara. Litahitaji pia zaidi ya kilo 11 za chumvi ya bahari kulijaza mara ya kwanza.

Timau ina masharti yake. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, na usiku wake ni wa baridi kali, ilhali tumbawe lataka maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Taa za jumla ya wati 200 zikiwaka saa tisa hula uniti 1.8 za umeme kwa siku. Hita ya wati 300 ikifanya kazi kwa nusu ya siku hula uniti 3.6, maradufu ya taa. Gharama hiyo haiandikwi kwenye risiti ya dukani. Tena, kwa kuwa kanieneo ya hewa huko ni takriban robo tatu ya ile ya pwani, maji hushika oksijeni pungufu kwa kiasi kama hicho. Pampu za kuutikisa uso wa maji ni lazima, na ziwe na betri ya akiba kwa siku umeme unapokatika. Na likizo je? Wanafunzi hufunga shule mwezi Agosti, tumbawe halifungi.

Kuna neno pia kuhusu asili ya viumbe hawa. Asithubutu mwalimu yeyote kuwatuma wanafunzi wavunje tumbawe baharini wakati wa ziara. Hifadhi za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 kwa ajili ya kuilinda miamba hii, na matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES unaodhibiti biashara yake ya kimataifa. Mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ilipauka na kufa. Vinunuliwe tu vipande vilivyooteshwa matangini na vyenye hati halali, na vya kwanza viwe vya matumbawe laini, yanayosamehe makosa ya anayejifunza.

Huenda ukauliza, mwalimu mwenzangu, kama si afadhali kuwapeleka watoto pwani. Naam, wapelekwe kila inapowezekana. Lakini ni safari ya takriban kilomita 700, na wengi hawataifunga kamwe. Tangi lililotunzwa vyema laweza kuwafundisha katika muhula mmoja biolojia, kemia, fizikia ya mwanga na hesabu ya gharama, pamoja na maneno ambayo sasa huyakariri kama majina ya nchi za mbali. Tangi lililotunzwa vibaya huwafundisha jambo moja tu, kwamba kiumbe hai kikifa hununuliwa kingine.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa shule ile na nyingine zenye nia kama hiyo ni huu. Chagueni kwanza aina ya tumbawe, kisha taa itakayolilisha, kisha kioo ambacho taa hiyo itaweza kukiangaza hadi chini. Andikeni jina la atakayelilea wakati wa likizo na fungu la fedha litakalolipia umeme kwa miaka mitatu. Mkikosa hayo mawili, fugeni samaki wa maji baridi, wala si aibu. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Kijana yule nilimwambia aendelee kuandika "limekufa", maana mtihani wa Kiswahili hautamsamehe. Walimu wake niliwaomba wanunue taa kana kwamba aliandika "amekufa".