Afichwe Muuaji, Si Filamu

Sentensi moja ya kuinadi filamu ya mauaji humweleza prodyuza nani kauawa, nani anapeleleza na nini kinamzuia kuufikia ukweli. Wapo wanaoshauri kinyume: yasemwe machache, fumbo lisiharibike, kisha imalizwe kwa swali “nani muuaji?” Ushauri huo ni mbovu. Swali hilo ni la kila filamu ya aina hii, kwa hiyo haliuzi hata moja.

Cha kufichwa ni muuaji na sababu yake, basi. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa 1960, ingenadiwa hivi: tajiri anakutwa ameuawa penye mzimu wa wazee, na mpelelezi mvuta kiko anamsaka muuaji miongoni mwa walio hai. Siri haijavuja, mgongano umeonekana.

Mahali napo pafanye kazi. “Mtu anauawa kijijini Ipelele” ni anwani tu. Afadhali: “Katika baridi kali ya Ipelele, muuguzi wa zahanati anagundua kuwa marehemu aliyedhaniwa kufa kwa homa alinyongwa, na aliyethibitisha kifo hicho ni yeye mwenyewe.” Jina la muuguzi halihitajiki (prodyuza hamjui Neema wala Tumaini), kazi yake na kosa lake vinatosha. Kisa kikihamishiwa stesheni ya reli ya TAZARA, Makambako, kizuizi kinabadilika: shahidi pekee ana tiketi ya treni inayofuata.