Shetani Hajifichi Kwenye Jalada la Santuri



Wapendwa waamini, juma hili nimekusudia kusema kwa ukali kidogo juu ya mazoea yaliyoingia katika jumuiya zetu ndogondogo, katika makundi ya sala na hata katika semina za vijana. Nayo ni mazoea ya kuwinda ishara za siri. Mtu huchukua jalada la albamu, noti ya fedha, nembo ya kampuni au picha ya mwanamuziki. Huikuza, huigeuza juu chini, huhesabu vidole na pembe, kisha huwatangazia wenzake kwamba amegundua alama ya Shetani. Wasikilizaji hushika vichwa, na kabla jua halijatua picha imekwisha kuenea katika simu za parokia nzima. Wapo wanaoiita kazi hiyo karama ya kupambanua roho. Mimi nasema si karama. Ni uvivu wa akili uliovishwa kanzu, na mwisho wake ni dhambi dhidi ya jirani.

Ili nisionekane napigana na kivuli, nachukua mfano mmoja mashuhuri, ambao habari zake zinajulikana tangu mwanzo hadi mwisho.

Albamu ya bendi ya Beatles iitwayo Abbey Road ilitolewa Uingereza tarehe 26 Septemba 1969. Picha ya jalada lake ilipigwa tarehe 8 Agosti mwaka huohuo, kabla ya adhuhuri, karibu na studio za EMI jijini London. Mpiga picha Iain Macmillan alipanda ngazi katikati ya barabara, askari polisi akazuia magari, na wanamuziki wale wanne wakavuka kivuko cha pundamilia, wakienda na kurudi. Zilipigwa picha sita tu, kazi ikamalizika kwa muda wa dakika kumi hivi, na ikachaguliwa ile ya tano. Siku hiyo kulikuwa na joto. Paul McCartney alikuja amevaa ndara, akazivua, na katika picha iliyochaguliwa anaonekana akivuka kwa miguu mitupu. Habari yenyewe ni hiyo tu: joto, ndara, na dakika kumi za kazi.

Lakini katika miezi ya Septemba na Oktoba mwaka ule, uvumi ulienea katika vyuo vya Marekani kwamba McCartney alikwisha kufa kwa ajali ya gari tangu mwaka 1966, na kwamba wenzake waliificha habari hiyo wakamweka mtu aliyefanana naye. Gazeti la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Drake, katika jimbo la Iowa, liliuandika uvumi huo tarehe 17 Septemba. Tarehe 12 Oktoba msikilizaji mmoja alipiga simu katika kituo cha redio cha Detroit, akamsimulia mtangazaji Russ Gibb, na moto ukashika nyika.

Hapo jalada la Abbey Road likageuzwa kuwa hati ya mazishi. John Lennon, aliyevaa meupe, wakasema ni kuhani. Ringo Starr, aliyevaa meusi, ni mzishi. George Harrison, aliyevaa jinzi, ni mchimba kaburi. Na Paul, asiye na viatu, aliyepishana hatua na wenzake, anayeshika sigara kwa mkono wa kulia ingawa hutumia wa kushoto, ndiye maiti. Kando ya barabara palikuwa na gari dogo aina ya Volkswagen lenye namba LMW 281F. Tarakimu ya moja ikasomwa kama herufi, ili yapatikane maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba Paul angekuwa na miaka 28 kama angeishi. Ndugu zangu, McCartney alizaliwa tarehe 18 Juni 1942. Picha ilipopigwa alikuwa na umri wa miaka 27. Je, hesabu ilipokataa, wawindaji waliacha? Hawakuacha. Walisema kwamba huko Mashariki umri huhesabiwa tangu kutungwa mimba! Yeyote anayetafuta ukweli hesabu ikimkatalia hujirudi, lakini hawa waliona afadhali kuipinda hesabu kuliko kuuacha uvumi.

Yaliyofuata yanafundisha zaidi. Fred LaBour, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alipewa kazi ya kuandika uhakiki wa albamu hiyo katika gazeti la wanafunzi. Makala yake ya tarehe 14 Oktoba ilikuwa mzaha. Alibuni sehemu kubwa ya “ushahidi” kutoka kichwani mwake, pamoja na jina la mtu aliyedaiwa kushika nafasi ya marehemu: William Campbell. Baadaye aliitwa katika kipindi cha televisheni kilichoigiza kesi ya mahakamani, akamweleza wakili F. Lee Bailey kwamba mambo hayo aliyatunga mwenyewe. Hata hivyo kipindi kiliendelea. Na mpaka leo wapo watu wanaomtaja William Campbell kana kwamba wameona cheti chake cha kuzaliwa.

Jarida la Life lilimfuata McCartney shambani kwake Scotland, alikokuwa na mkewe na watoto, na toleo la tarehe 7 Novemba 1969 likamwonyesha mzima wa afya kwenye jalada. Uvumi ukafa? La! Nyuma ya ukurasa ule palikuwa na tangazo la gari. Watu wakauinua ukurasa kwenye mwanga, wakaona gari limekatiza mwilini mwa Paul, wakapaza sauti kwamba ushahidi mwingine umepatikana. Picha iliyochapwa kuonyesha kwamba mtu yu hai ikawa nayo dalili ya kifo chake. Mwaka 1993 mwenyewe alijibu kwa utani: katika jalada la albamu yake Paul Is Live alivuka tena kivuko kilekile akiwa na mbwa, na namba ya gari kando yake ikasomeka 51 IS, kwa kuwa alikuwa na miaka 51 na alikuwa hai.

Sasa tuipime akili hii kwa mizani ya imani yetu. Wanasema miguu mitupu ni dalili ya kifo. Mbona Musa aliamriwa avue viatu mbele ya kichaka kilichowaka moto, naye alikuwa anaitwa kwenye uhai na utume? Wanasema meupe ni ya mazishi. Kwetu meupe ni rangi ya Pasaka na ya ubatizo. Wanasema meusi ni ya mzishi. Basi mapadre wote waliovaa kanzu nyeusi kwa karne nyingi walikuwa wakienda kuzika kila asubuhi! Anayeangalia picha akiwa ameshaamua atakachokiona, hakosi kukiona.

Mama Kanisa aliifahamu hila hii zamani sana. Katika karne ya pili Mtakatifu Irenei, Askofu wa Lyon, ambaye Papa Fransisko alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 2022, alipambana na Wagnosi, watu waliojivunia ujuzi wa siri usiojulikana na waamini wa kawaida. Akaeleza kazi yao kwa mfano huu. Fundi stadi ametengeneza sura ya mfalme kwa vito vya thamani. Akaja mtu akavibandua vito vile, akavipanga upya vikawa sura ya mbwa au mbweha, kisha akawaonyesha wajinga na kusema kwamba hiyo ndiyo sura ya mfalme. Vito ni vya kweli, wala hakuna anayevikana. Uongo umo katika mpango. Ndivyo ilivyo kwa jalada lile: miguu ni mitupu kweli, gari lipo kweli, namba ni ileile. Kaburi peke yake ndilo lililoletwa na mtazamaji.

Najua nitajibiwa: “Padre, wataka kusema Shetani hayupo?” Yupo. Kanisa lafundisha hivyo, na kila mwaka katika mkesha wa Pasaka tunamkataa yeye na kazi zake zote. Lakini Bwana wetu alimwita baba wa uongo, wala hakumwita mchoraji wa majalada. Basi ukitaka kujua mahali alipofanya kazi, tafuta mahali uongo ulipopandwa: je, ni kwa mtu aliyevua ndara kwa sababu ya joto, au ni kwa waliomtangaza maiti hali anapumua?

Mwingine atasema: “Wakristo wa kwanza nao walikuwa na ishara ya samaki.” Ni kweli, lakini ishara ile ilikuwa na watu walioikubali na kuifundisha, maana yake haikutungwa na mpita njia. Hali kadhalika sakramenti zetu ni ishara zinazoonekana. Maji, mafuta, mkate na divai huelezwa hadharani kwa wakatekumeni, na mtoto wa Komunyo ya Kwanza anaweza kukuambia maana yake. Bwana mwenyewe, aliposimama mbele ya Kuhani Mkuu, alijitetea kwamba alisema waziwazi mbele ya ulimwengu, wala hakufundisha jambo kwa siri. Dini yetu haina mlango wa nyuma ambao ufunguo wake wanao wajuzi wachache.

Wala sisemi kwamba muziki wote ni mwema. Kwenye jalada la albamu nyingine ya bendi hiyohiyo, Sgt. Pepper ya mwaka 1967, imo sura ya Aleister Crowley, mtu aliyejulikana kwa uchawi na mafumbo ya giza. Haikufichwa, imo miongoni mwa nyuso nyingi zinazoonekana na kila mwenye macho. Mwaka 1966 Lennon alisema katika gazeti kwamba wao wanapendwa kuliko Yesu. Hayo aliyasema kwa maneno ya wazi, na mzazi Mkristo anaweza kuyajadili na mwanawe kwa maneno ya wazi, kwa hoja na bila hofu. Lakini mzazi aliyezoea kuwinda vivuli hana muda wa kusikiliza maneno yanayoimbwa nyumbani kwake. Anahesabu pembe za nyota kwenye karatasi, huku mwanawe akikariri matusi.

Pengine mtasema: huu ni mchezo wa vijana wa ng'ambo, nani ameumia? McCartney aliweza kuucheka uvumi, kwa kuwa alikuwa na jina, mali, na magazeti ya kumtetea. Lakini akili ya kusoma ishara haibaki kwenye majalada. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa mapanga, na miongoni mwa “dalili” zilizowahukumu ni macho mekundu. Akina bibi hao walikuwa wamepikia kuni maisha yao yote. Moshi ndio uliowageuza macho. Sababu ilikuwa wazi kama ndara na joto la Agosti, ila msoma ishara hakutaka sababu. Alitaka siri. Tofauti ya kesi hizi mbili ni kwamba bibi hakuwa na jarida la kuonyesha sura yake, na mtu wa panga hakungoja majibu.

Ndiyo maana nasema hili ni jambo la maungamo. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki yafundisha kwamba anayekubali kuwa kweli, bila msingi wa kutosha, kosa la kimaadili la jirani yake, hata kama ni moyoni tu, ana hatia ya kuhukumu ovyo. Nayo yatuagiza kuyafasiri maneno na matendo ya mwenzetu kwa upande ulio mwema kadiri iwezekanavyo. Mwindaji wa ishara hufanya kinyume kabisa: huchagua fasiri iliyo mbaya kuliko zote, kisha huifikisha kwa watu mia mbili kwa kubonyeza kidole mara moja.

Basi, wapendwa, kabla ya kusambaza picha yoyote yenye duara jekundu na maneno ya vitisho, jiulizeni maswali manne. Nani aliyesema, na alijuaje? Iko sababu ya kawaida inayotosha kueleza jambo hili? Mhusika mwenyewe amesema nini? Na ikiwa si kweli, ni nani atakayeumia? Mkishindwa kujibu, futeni. Viongozi wa makundi ya sala nawaomba zaidi: semina inayowatuma vijana nyumbani wakiwa na hofu ya picha, bila kuwapa hamu ya kuungama na kupokea Ekaristi, haikuwa semina ya Kanisa.

Na mtu akitaka kweli kutafuta alama za yule Mwovu, namwelekeza mahali pa kuanzia: katika ulimi wake, katika mfuko wake, na katika namna anavyomtendea mjane wa jirani. Hapo hatahitaji kukuza picha.

Mama Bikira Maria, Kiti cha Hekima, atuombee. Mungu awabariki nyote, na niwatakie Dominika njema.