Upepo Usio Upepo: Istilahi na Tiba ya Kitibeti

Aghalabu tiba ya jadi ya Kitibeti, ijulikanayo kama Sowa Rigpa, huelezwa kwa sentensi moja: kwamba mwili hutawaliwa na upepo, nyongo na kohozi, na kwamba ugonjwa ni kuvurugika kwa mizani ya vitu hivyo vitatu. Maelezo hayo si uongo. Ni tafsiri, na tafsiri hiyo imewapotosha wengi.

Neno lung, mathalani, hufasiriwa 'upepo'. Mzungumzaji wa Kiswahili alisikiapo hukumbuka pepo na mashetani, na papo hapo hulitia katika fungu la uganga. Ilhali katika Gyushi, matini ya msingi yenye sura 156 inayohusishwa na Yuthok Yonten Gonpo wa karne ya 12, lung ni nguvu inayoendesha pumzi, usemi na mwendo wa viungo. Imegawanywa katika aina tano, kila moja ikiwa na makao na kazi yake mwilini. Tabibu huitafuta kwa kutazama ulimi na mkojo, kwa kuweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, na kwa kuuliza maswali; kisha hurekebisha chakula na mwenendo wa mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Elimu hii ina vitabu na mitihani yake. Mwishoni mwa karne ya 17, Sangye Gyatso aliagiza ichorewe picha 79 ili wanafunzi waione kwa macho.

Hata hivyo, hoja hii ni msumeno: hukata mbele na nyuma. Watetezi wa tiba hii nao hujificha nyuma ya neno. Baadhi ya vidonge viitwavyo 'vya thamani' hutiwa tsotel, yaani zebaki iliyopikwa pamoja na madini mengine hadi ikahesabiwa kuwa 'imetakaswa'. Kutakasika huko ni istilahi ya mapokeo. Hakumwelezi mgonjwa ni zebaki kiasi gani inayofika kwenye figo zake. Lung haiwekwi kwenye mizani ya maabara, lakini zebaki huwekwa, na anayedai kwamba kuipima ni kuwadharau Watibeti amewasahau Watibeti wenyewe, ambao ndio wanaovimeza vidonge hivyo. India iliitambua tiba hii kisheria mwaka 2010. Utambuzi wa namna hiyo unapaswa kumpa mgonjwa haki ya kusoma kwenye pakiti, kwa Kitibeti chake, kiasi cha zebaki kilichomo.